UZI: Kaburi la mwanahewa wa Vita vya Pili lisilo na jina. Unathibitishaje ni la nani?

#1 Msajili_Ngong

Wadau, swali hili limeulizwa kwenye uzi wa matembezi ya makaburi ya vita ya Ngong Road, Nairobi, hadi likazama katikati ya picha, basi nalifungulia uzi wake. Jiwe lina tai wa jeshi la wanahewa la Uingereza. Pengine lina tarehe, pengine halina. Mahali pa jina pameandikwa tu kwamba huyu ni mwanahewa wa vita vya 1939–1945, anayejulikana na Mungu. Unatokaje hapo hadi kupata jina?

Kwanza tuachane na ndoto ya DNA. Kaburi ambalo tayari limesajiliwa na CWGC (tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita) halifukuliwi ili mtu apimwe. DNA hutumika pale mabaki yanapogunduliwa upya, kwa mfano mtu akichimba msingi au mto ukibomoa ukingo. Kwa kaburi lililopo, ushahidi ni karatasi peke yake. Na kazi ya karatasi hizo si kuonyesha kwamba mtu wako *anaweza* kuwa pale. Zinatakiwa zionyeshe kwamba *hakuna mwingine* anayeweza kuwa pale. Ukilishika hilo, mengine yote ni uvumilivu.

Anzia kwenye kaburi, usianzie kwa mtu. Anayeanza na jina la marehemu wa familia huona dalili zake kila mahali.

Andika namba ya kiwanja, safu na kaburi. Kisha nenda kwenye tovuti ya CWGC. Asiyejulikana huwezi kumtafuta kwa jina, bila shaka, lakini jirani yake unaweza. Fungua rekodi ya aliyezikwa kaburi la kushoto au la kulia, ushuke hadi kwenye nyaraka zilizopigwa picha. Fomu ya usajili wa makaburi huorodhesha safu kwa mfululizo, kwa hiyo kwenye ukurasa huohuo utamkuta na asiyejulikana wako, pamoja na yale aliyoandikiwa na afisa wa makaburi: cheo, jeshi, wakati mwingine tarehe. Angalia pia orodha ya maandishi ya mawe, na ikiwa mwili ulihamishwa kutoka kwingine, fomu ya uhamisho. Hiyo ya mwisho ndiyo dhahabu. Inaonyesha mwili ulitoka wapi, mara nyingi kwa namba za ramani, na ulitambuliwa kwa kitu gani.

Makaburi ya Ngong Road yalifunguliwa na jeshi mwaka 1941, na leo yana zaidi ya watu 1,900 wa vita vile. Wasiojulikana ni wachache sana. Hiyo ni faida: orodha ya kuchambua ni fupi.

#2 wa_Kawangware

Kwani majina yaliyo kwenye mnara palepale ndani si ndiyo ya waliopotea? Si unalinganisha tu mnara na mawe yasiyo na majina?

#3 Msajili_Ngong

Hapana, na wengi hunaswa hapo. Mnara wa Afrika Mashariki ulioko Ngong Road ni wa wanajeshi wa nchi kavu wasio na kaburi linalojulikana. Wamo waliotoka Kenya kuelekea Somalia na kusini mwa Ethiopia, na wamo wapiga mizinga wa Afrika Mashariki waliozama na meli ya Khedive Ismail tarehe 12 Februari 1944 wakitoka Mombasa kwenda Colombo.

Wanahewa hawapo hapo. Mwanahewa aliyepotea Kenya, Somalia, Ethiopia au Madagascar, jina lake liko Misri, kwenye mnara wa Alamein. Mnara huo una majina ya wanahewa zaidi ya 3,000, na wamo hata waliokuwa kwenye mafunzo Rhodesia na Afrika Kusini. Ule wa Runnymede kule Uingereza ni wa walioruka kutoka Uingereza na Ulaya kaskazini-magharibi, usipoteze muda nao.

Kwa hiyo orodha yako ya kwanza ni Alamein. Ichuje kwa tarehe, kisha kwa kikosi.

#4 Mzee_wa_Menengai

Naongeza kitu ambacho watu wa Nairobi husahau. Si kila ndege ilianguka ikipigana. Nakuru kulikuwa na kitengo namba 70 cha kuwaandaa marubani wa vita, Nanyuki namba 72. Vijana walijifunza ndege za injini mbili juu ya nchi yenye Aberdare na Mlima Kenya, na mawingu ya mchana mnayajua. Anayetafuta vitani tu anaacha nje kundi zima.

Kumbukumbu zao ziko pengine kabisa. Kule Kew, kwenye hifadhi ya taifa ya Uingereza, shughuli za skwadroni ziko kwenye mfululizo wa AIR 27, vituo AIR 28, na vitengo vya mafunzo AIR 29. Ukiona kikosi hakimo AIR 27 usiseme karatasi zilipotea. Ajali nazo zina kadi zake, zinaitwa fomu 1180: aina ya ndege, namba yake, mahali na sababu.

#5 Sanaipei_K

Nina kesi kama hii: ndege ya watu watatu, Blenheim, ilianguka kaskazini. Wawili wana makaburi yenye majina, wa tatu yuko Alamein. Kando ya wale wawili kuna kaburi la mwanahewa asiyejulikana. Hapo si imeisha?

#6 Msajili_Ngong

Imekaribia. Haijaisha.

Swali la kwanza: je, wote watatu walihamishwa kutoka shimo moja siku moja? Kama fomu ya uhamisho inaonyesha namba ileile ya ramani kwa wote watatu, una kesi nzuri. Kama wawili walitoka sehemu moja na wa tatu akaletwa kutoka kwingine, ujirani wao Nairobi ni nafasi ya safu tu, waliochimba walijaza kwa zamu.

La pili: walikuwa watatu kweli? Blenheim kwa kawaida ni rubani, mwongoza njia na wa redio ambaye ndiye pia mpiga bunduki. Lakini ndege za huku zilibeba mafundi na abiria kutoka kiwanja hadi kiwanja. Fungua fomu 541 ya kikosi, ile yenye majina ya walioruka, saa ya kupaa na saa ya kutua. Fomu 540 ni muhtasari wa mwezi, haitoshi. Halafu tafuta faili la majeruhi, AIR 81, ambalo mara nyingi lina barua, telegramu na taarifa za waliofika kwenye mabaki. Mafaili hayo hutolewa kwa awamu kufuata tarehe, kwa hiyo tukio la mwanzo wa vita lina nafasi kubwa zaidi ya kuwa limeshafunguliwa.

La tatu ndilo watu huliruka: waondoe wengine wote. Chora jedwali. Kila mwanahewa wa Alamein aliyepotea katika eneo hilo na muda huo apate mstari wake: jina, namba ya jeshi, cheo, kikosi, ndege na namba yake, tarehe, mahali alipoonekana mwisho. Safu ya mwisho ni "kwa nini si yeye", na kila jibu liwe na hati yake. "Aliangukia baharini, mashahidi wawili, fomu 541" ni jibu. "Haielekei" si jibu.

Upana wa eneo usiupunguze kwa hisia, upunguze kwa mafuta. Ilipaa saa ngapi, ilikuwa na mafuta ya saa ngapi, upepo ulitoka wapi. Ndege iliyopotea njia juu ya nyika isiyo na taa ingeweza kuishia mbali sana na ilikotumwa.

Na angalieni tarehe. Kwenye jiwe inaweza kuwa siku ya kifo, siku mwili ulipopatikana au siku ya maziko. Mwili uliookotwa na doria baada ya wiki tatu unaweza kuwa na tarehe isiyolingana na ndege yoyote, na watu wakauacha kwa sababu hiyo tu.

#7 Rubani_wa_Ardhini

Jambo ambalo Kenya ni muhimu kuliko kwingine: mwaka 1940 na 1941 ndege nyingi zilizopigana kutoka huku zilikuwa za Afrika Kusini. Jeshi lao la wanahewa lilitumia vyeo vya nchi kavu. Rubani wao ni luteni au kapteni, na sare yake ni kaki. Mwingereza mwenzake ni Pilot Officer au Flying Officer, ana namna yake ya sare.

Madhara yake? Afisa wa makaburi anakuta mwili wenye kaki na nyota za luteni, anaandika "mwanajeshi wa Afrika Kusini asiyejulikana". Jiwe linachongwa nembo ya Afrika Kusini. Wewe unatafuta tai na hutampata milele. Kwa hiyo pitia pia wasiojulikana wa Afrika Kusini. Dalili za kusoma kwenye fomu: utepe wa rangi ya chungwa-nyekundu mabegani (walioapa kutumika popote Afrika), namba ya jeshi inayoishia na herufi V, beji ya mabawa kifuani.

Beji peke yake inasaidia kupunguza. Mabawa mawili ni rubani. Bawa moja lenye O ni mwongoza njia wa mwanzo wa vita, AG ni mpiga bunduki. Fomu ikisema kulikuwa na bawa moja lenye AG, marubani wote kwenye jedwali la Msajili wanatoka kwa mkupuo.

Watu wengine huuliza kwa nini visahani vya shingoni havikutosha. Mwingereza alivaa viwili vya nyuzi zilizoshindiliwa: cha kijani chenye pembe nane kibaki na mwili, chekundu cha mviringo kichukuliwe. Vinaungua na vinaoza. Kwenye ndege iliyowaka, hivyo ndivyo vya kwanza kupotea. Kilichobaki ni nyuma ya saa ya mkononi, alama ya dobi kwenye kola, pete, namba ya bunduki. Alama ya dobi isidharauliwe. Mara nyingi ni herufi na tarakimu chache zinazotokana na jina au namba ya mwenye nguo.

Kitu kingine: sajini akipandishwa kuwa afisa anapewa namba mpya ya jeshi. Tafuta kwa zote mbili.

#8 Mchwa_wa_Wajir

Mnaongea karatasi, mimi nije na ardhi, maana kuna makaburi ambayo hayakuhamishwa na mengine hayakusajiliwa kabisa.

Msalaba wa mti huku kaskazini ni chakula cha mchwa. Kinachobaki ni rundo la mawe. Sasa shida: Waborana, Wagabra, Warendille na Wasomali nao huweka mawe juu ya makaburi, na nyika ina marundo ya mawe ya kale ambayo hayana uhusiano wowote na vita. Rundo si ushahidi.

Msinidanganye pia na habari ya "limeelekea mashariki kwa hiyo ni la Mkristo". Kutoka Kenya, kibla kiko karibu kaskazini moja kwa moja. Mwislamu hulazwa ubavu wa kulia akielekea huko, kwa hiyo kaburi lake limelala mashariki-magharibi, sawasawa na la Mkristo. Tofauti ni upande wa kichwa, Mwislamu mashariki na Mkristo magharibi, na hilo kwa juu hulioni.

Mabaki ya ndege yakiwa karibu, hesabu injini. Hurricane na Battle zina injini moja ya Merlin, silinda 12 kwa umbo la V. Blenheim ina mbili za mviringo, yaani silinda zimepangwa kwa duara. Tatu za mviringo? Mara nyingi hiyo ni ya Kiitaliano, Caproni au Savoia-Marchetti, na ikithibitika ni hivyo, kesi si ya CWGC tena, ni ya idara ya Italia inayoshughulikia wafu wa vita. Waitaliano wengi waliofia Kenya wamekusanywa kanisa la kumbukumbu kule Nyeri, alikolazwa pia Duke wa Aosta, aliyekuwa mkuu wa majeshi ya Italia Afrika Mashariki.

Maganda ya risasi yanadanganya vibaya. Bunduki ya ndege ya Kiitaliano ya milimita 7.7 ilitumia risasi ya vipimo vilevile na ya Kiingereza ya .303. Mtu anaokota ganda anasema "ni yetu". Geuza kitako usome herufi za kiwanda na mwaka.

Kinachotafutwa hasa ni kibati cha kiwanda na namba za injini. Namba ya ndege ya Kiingereza ni herufi moja na tarakimu nne, au mbili na tatu. Ukiipata hiyo, tarehe na majina ya walioruka yanafuata kwenye fomu 541.

#9 Fundi_Mawimbi

Kabla mtu hajakodisha rada ya kupenya ardhi: Nairobi na Athi kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi, mawimbi yanamezwa. Utaona nusu mita ya juu halafu giza. Kwenye mchanga wa Garissa au Wajir inafanya kazi vizuri: antena ya megahazi 400 hadi 500, mistari kila sentimita 25 hadi 50, kina cha mita 2 kinatosha. Marsabit usipeleke kipima sumaku. Lile jiwe jeusi la volkeno lina sumaku yake, kila hatua inapiga kelele.

Na rada haioni mtu. Inaona kwamba udongo uliwahi kuvurugwa. Shimo la choo cha kambi linafanana sana na kaburi.

#10 ramani_na_dira

Kuhusu namba za ramani kwenye fomu za uhamisho. Msizichape moja kwa moja kwenye simu. Ramani za zamani za Kenya hazitumii msingi mmoja na GPS. Hata zile za baadaye zilizochorwa kwa msingi wa Arc 1960, ukilinganisha na WGS84, msingi unaotumiwa na simu, unapata tofauti ya kama mita 300 kaskazini-kusini na karibu mita 90 mashariki-magharibi. Za wakati wa vita zina gridi yake tena. Tafuta toleo lilelile la karatasi ya ramani lililotajwa kwenye fomu, ulinganishe kwa alama zisizohama: kisima, makutano ya lagha (mikondo ya maji ya msimu), kilele. Namba ya tarakimu sita inataja mraba wa mita au yadi 100, si nukta. Kutembea umbali mfupi ukasema "hakuna kitu" si utafiti.

Kwa upande wa Nairobi, nendeni Hifadhi ya Nyaraka Moi Avenue. Taarifa za mwaka na za makabidhiano za maafisa wa wilaya ya mpaka wa kaskazini ziko huko kwenye mafaili ya PC/NFD. Ofisa wa wilaya alikuwa hana la kuandika, ndege ikianguka kwenye eneo lake aliandika. Maktaba ya McMillan ina magazeti ya East African Standard ya miaka hiyo, ingawa udhibiti wa habari wa wakati wa vita uliminya majina ya vikosi na mahali.

#11 wa_Kawangware

Na mtu akipata mabaki yenyewe porini? Anayabeba?

#12 Msajili_Ngong

Asiguse. Mifupa ya mtu ni jambo la polisi kwanza, vita au si vita: chifu, kisha kituo cha polisi. Mabaki ya kale na uchimbaji viko chini ya sheria ya makumbusho na urithi ya 2006, bila kibali huchimbi. Piga picha kitu kikiwa mahali pake, weka rula au sarafu kando, chukua majira ya GPS, ondoka. Kibati kilichong'olewa na kupelekwa Nairobi ndani ya begi kimepoteza nusu ya thamani yake, kwa sababu hakuna tena anayeweza kuthibitisha kilikuwa mita ngapi kutoka kwenye kaburi.

Sasa kuandika maombi. CWGC ndiyo inayopokea na kuchuja. Kesi ikisimama wanaipeleka kwa nchi ya marehemu: kwa Mwingereza ni kitengo cha wizara ya ulinzi kilichoko Gloucester, kikishauriwa na tawi la historia la jeshi la wanahewa. Mwaustralia, Mkanada au wa Afrika Kusini ni nchi yake inayoamua. Kipimo ni ushahidi ulio wazi na wenye kushawishi, na mzigo uko kwako.

Fungua kwa kaburi: kiwanja, safu, namba, na nakala ya kila fomu. Fuata na mahali mwili ulikotoka. Kisha jedwali la walioondolewa, lote, hata wale ambao unaona ni upuuzi kuwataja. Jina la unayempendekeza lije mwisho. Ushahidi unaokupinga uweke mwenyewe, mbele, ukaueleze. Wakiugundua wao, kila kitu kingine kinasomwa kwa jicho la shaka. Hadithi ya familia iwe aya moja au isiwepo.

Majibu huchukua miaka. Wakikubali, jiwe linabadilishwa, ibada inafanyika, jina linaondolewa kwenye orodha ya Alamein. Wakikataa wanatoa sababu, na unaweza kurudi ukiwa na hati mpya.

#13 Sanaipei_K

Nimefungua fomu ya jirani kama ulivyosema. Wawili wana namba ileile ya ramani. Wa tatu ana namba ileile pia, lakini imeandikwa kwa kalamu ya risasi, juu ya nyingine iliyokatwa.

#14 Msajili_Ngong

Namba iliyokatwa inasomeka? Isome kwanza hiyo. Kama inatofautiana kwa tarakimu moja tu, karani alisahihisha kosa la kunakili. Kama ni ya mahali pengine kabisa, jedwali lako linapanuka hadi huko. Tuma barua CWGC uwaombe picha ya ukurasa wenyewe kwa ubora wa juu, ile ya tovuti imebanwa mno kuona mwandiko chini ya mkato. Wakati unasubiri, tafuta fomu za makaburi mengine yaliyohamishwa kutoka hukohuko, uone kama kalamu ileile ya risasi ilipita na kwenye hizo.